Chama, darasa au meza ya nyumbani: pa kujifunzia uchoraji wa mapambo

Miaka miwili ya mwanzo nilichora peke yangu nyumbani, na mipigo yangu ya koma ilikuwa na vichwa vizuri na mikia iliyokatika. Mpigo wa koma ndio alfabeti ya uchoraji wa mapambo, yaani kuchora maua na mikunjo kwenye masinia, visanduku na makabati. Unakandamiza brashi ya duara mpaka nywele zake zitanuke, unaivuta huku ukipunguza uzito wa mkono, na nywele zinakusanyika tena kwenye ncha na kuacha mkia mwembamba. Petali, jani, bawa la ndege, pindo la sinia, vyote vinatoka humo. Nilijaza daftari zima. Nilirudia video zile zile mpaka nikazikariri. Mikia ikaendelea kukatika.

Siku niliyoenda kwenye chama cha wachoraji kwa mara ya kwanza, mama mmoja mtu mzima aliyeketi kando yangu alinitazama nikipiga mipigo mitatu, akasema, "Mwanangu, brashi unaiondoa. Usiiondoe. Wewe vuta tu, itajinyanyua yenyewe." Kumbe nilikuwa nasimamisha mkono kwanza, ndipo nainua. Mpigo wa nne ulitoka na mkia.

Kwa hiyo sifichi kwamba naegemea upande wa chama. Hata hivyo nimewaona watu walioingia chamani wakaacha baada ya mikutano mitatu, na walikuwa na sababu za haki. Njia ziko tatu: kujiunga na chama cha wachoraji wa mapambo, kulipia darasa lenye mwalimu, au kujifunza nyumbani kwa vitabu na video. Kila moja inakupa kitu ambacho nyingine mbili haziwezi kukupa, na kila moja ina tundu lake.

Ni nani anayeuona mkono wako?

Kwangu hili ndilo swali la kwanza, kabla ya ada, kabla ya umbali, kabla ya vifaa.

Video inakuonyesha mkono wa mwalimu, lakini haiuoni wako. Chukua mfano wa kubebesha brashi rangi mbili. Unachovya kona moja ya brashi bapa kwenye rangi ya giza na kona ya pili kwenye nyeupe, kisha unaipapasa mbele na nyuma pale pale kwenye paleti, ubao wa kuchanganyia rangi, mpaka rangi zikutane katikati na kuyeyukiana. Kwenye video jambo hili huchukua sekunde tano. Usichoweza kukiona ni kiasi cha maji kilichobaki kwenye brashi baada ya kuikausha kwa kitambaa, na hapo ndipo kazi nzima ilipo. Maji yakizidi, rangi zinachanganyika na kuwa tope. Yakipungua, katikati unabaki na mstari mkali badala ya mpito laini. Mwalimu wa video anasema "iwe na unyevu kidogo", nawe unabaki kukisia kidogo yake ni kiasi gani. Mtu aliyeketi karibu nawe anakupa brashi yake uiguse kwa kidole, na unajua.

Darasani mkono wako unaonekana, lakini piga hesabu. Kipindi cha saa mbili chenye wanafunzi 12 kinampa kila mmoja dakika 10 za mwalimu, na hapo bado hajaeleza lolote kwa darasa zima. Mwalimu mzuri hujua kuzigawa. Mwalimu aliyechoka, au anayetaka kila mtu aondoke na kitu cha kupendeza, huchukua brashi mkononi mwako na kukurekebishia. Unarudi nyumbani na sinia zuri ambalo sehemu yake nzuri zaidi hukuichora wewe. Nina moja la namna hiyo ukutani. Kila nikiliangalia, jicho langu linaenda moja kwa moja kwenye lile waridi la kushoto ambalo si langu.

Chamani hakuna mwalimu mmoja. Wapo watu kumi au ishirini wa viwango tofauti, na yeyote anaweza kuinua macho na kukuona. Faida ni kwamba utasahihishwa na mtu ambaye mwenyewe alikuwa na kosa hilo mwaka jana, kwa hiyo bado anakumbuka lilivyokuwa. Hasara ni kwamba utasahihishwa na watu watatu wanaopingana. Mmoja atakuambia uegemeze kidole kidogo mezani ili mkono utulie. Mwingine atasema kidole kikigusa meza bega linakufa. Wote wana haki yao, maana mmoja anachora maua madogo kwenye visanduku na mwingine anachora mikunjo mirefu kwenye milango ya makabati. Anayeanza hajui hilo, na anaweza kutoka amechanganyikiwa kuliko alivyoingia.

Ndiyo maana simshauri mtu ambaye hajawahi kabisa kushika brashi aanzie chamani. Akachukue kwanza darasa fupi, wiki nne au sita, apate mpangilio: kuandaa kifaa, rangi ya chini, kunakili mchoro, mipigo, kivuli, mwanga, vanishi. Darasa lina mwanzo na mwisho, na mpangilio huo chama hakina. Chamani mwezi huu wanachora majani, mwezi ujao theluji juu ya paa, na hakuna atakayerudi nyuma kukueleza kwa nini msasa hupigwa kati ya tabaka moja la rangi na jingine.

Saa za mazoezi

Vyama vingi hukutana mara moja kwa mwezi. Mkutano wa saa tatu, mara 12 kwa mwaka, ni saa 36, na humo utoe muda wa kikao, kumbukumbu za mkutano uliopita na matangazo. Mtu anayechora nyumbani nusu saa, siku nne kwa wiki, anafikisha saa 104 kwa mwaka. Mkono haujengwi chamani. Unajengwa nyumbani, na chamani unapelekwa kukaguliwa.

Watu wengi wanaoacha wanasema "sikujifunza kitu". Ukiwauliza walichora mara ngapi kati ya mkutano na mkutano, wananyamaza. Chama kinamfaa mtu ambaye tayari ana meza yake nyumbani, hata kama ni kona ya meza inayotumika kwa mambo mengine. Kama maisha yako kwa sasa hayaruhusu hata nusu saa kwa wiki, ada ya uanachama itakuuma bure. Subiri.

Kwa upande mwingine, anayejifunza nyumbani peke yake ana saa nyingi na hana tarehe. Kazi inaanza, inafika kwenye rangi ya chini, inawekwa juu ya kabati. Chama kina meza ya maonyesho mwanzoni mwa kila mkutano, ambapo kila mmoja huweka alichomaliza. Kwangu meza hiyo peke yake imenimalizisha kazi nyingi kuliko ari yoyote niliyowahi kujitia. Ninajua Jumamosi ya pili ya mwezi nitaulizwa.

Mambo yasiyomo kwenye somo

Hapa ndipo chama kinapozipita njia nyingine mbili kwa mbali, na ndipo ningependa msomaji anayesitasita atue kidogo.

Nilichora sinia la bati nyumbani, shada la maua ya buluu, rangi za akriliki, tabaka mbili za vanishi. Baada ya wiki chache rangi ikaanza kubanduka kwa maganda mapana, ua zima likitoka kama kibandiko. Nililaumu rangi, nikanunua nyingine. Sinia la pili likafanya vile vile. Nililipeleka chamani. Mzee mmoja akakwaruza kona kwa ukucha, akaligeuza, akapitisha kidole mgongoni pasipochorwa, akanionyesha kidole kikiwa na utelezi. Bati jipya huja na mafuta ya kiwandani. Linaoshwa kwa sabuni, linakaushwa vizuri, linapigwa msasa laini, kisha linapakwa praima ya chuma, tabaka la kushikisha rangi, ndipo rangi ya chini ifuate. Video niliyofuata ilianza na sinia ambalo lilikwisha kuandaliwa, na mimi sikuwa na namna ya kujua kwamba kuna hatua nisiyoonyeshwa.

La pili ni la usalama. Wanaochora kwa rangi za mafuta hufuta brashi kwa vitambaa, na vitambaa hivyo huwa na mafuta ya kitani. Mafuta ya kitani hayakauki kwa kuvukiza kama maji. Yanashika oksijeni ya hewani, na mwitikio huo hutoa joto. Vitambaa vikirundikwa pamoja, joto halina pa kutokea, na rundo linaweza kuwaka moto lenyewe usiku bila mtu kuligusa. Chamani kwetu kuna kopo la chuma lenye mfuniko, ndani yake maji, na kila kitambaa kinaingia humo kabla mtu hajavua aproni. Nilikuwa nimechora na rangi za mafuta miezi kadhaa nyumbani nikitupa vitambaa kwenye kapu la plastiki chini ya meza.

Halafu kuna macho. Picha kwenye skrini haikuonyeshi unene wa rangi. Ukishika kazi mkononi, ukaielekeza kwenye mwanga wa dirisha, unaona ni wapi mchoraji alitandaza rangi nyembamba iliyopenywa na mwanga na ni wapi aliiacha nene. Unaona ukingo wa nyuma jinsi ulivyomaliziwa. Unaona kosa lililofunikwa. Niliyojifunza kuhusu kivuli cha jani niliyapata kwa kuinamisha kisanduku cha mtu mwingine huku na huku, naye akicheka kwa sababu nilikuwa nimesahau kukirudisha.

Na vifaa vya pamoja: meza ya mwanga ya kunakilia michoro, mashine ya msasa, vitabu vya zamani ambavyo havichapishwi tena, mbao zilizonunuliwa kwa pamoja. Vinafaa, ila nisingejiunga kwa ajili ya hivyo tu.

Chama cha mtindo mmoja au cha kila kitu?

Ukishaamua kwamba chama kinakufaa, kuna chaguo lingine ndani yake, na wengi hawalifikirii mpaka wameshalipa.

Vipo vyama vinavyoshika mtindo mmoja. Rosemaling ya Norway ni mfano mzuri, uchoraji wa maua na mikunjo uliostawi vijijini huko katika karne ya 18 kwenye kuta, makabati na masanduku. Ndani yake kila eneo lina mkono wake. Mtindo wa Telemark una mikunjo ya herufi C inayotiririka na kujigawa bila kulazimisha pande mbili zifanane, ilhali wa Hallingdal hupenda ulinganifu, ua kubwa katikati na pande zikijibizana. Mtindo huu ulivuka bahari pamoja na wahamiaji. Huko Stoughton, Wisconsin, Per Lysne, mzaliwa wa Norway aliyekuwa akipaka rangi magari ya kukokotwa kiwandani, aliufufua katika miaka ya 1930, na jumba la makumbusho la Vesterheim huko Decorah, Iowa, limekuwa likiufundisha tangu 1967. Wachoraji wa masinia ya Zhostovo, kijiji cha karibu na Moscow ambako kazi hiyo inahesabiwa tangu 1825, nao wana mpangilio wao usiovurugwa: umbo la ua kwanza, kivuli, mwanga, na mistari myembamba ikija mwishoni.

Chama cha mtindo mmoja kinakupa kina. Watu watabishana kuhusu mkunjo mmoja kwa nusu saa, na ukikaa nao miaka mitatu mkono wako utakuwa na lafudhi ya mahali. Lakini kama hujui bado unapenda nini, utabanwa. Utataka kujaribu waridi nono za mashua za mifereji ya Uingereza, nao watakutazama kwa upole na kukurudisha kwenye mikunjo.

Chama mchanganyiko kinakuonjesha kila kitu: stensili, kuiga marumaru na mbao, maua, mandhari, vitambaa. Hatari yake ni kuonja bila kumeza. Nimekutana na wanachama wa miaka kumi wenye kabati lililojaa kazi moja moja za kila aina, na mpigo wao wa koma bado una mkia uliokatika. Kama ningeanza upya, ningekaa chama mchanganyiko mwaka mmoja, niangalie ni kazi gani nazimaliza bila kusukumwa, kisha nitafute watu wa mtindo huo.

Kuna pia tofauti kati ya kikundi cha majirani kisicho na katiba na tawi la jumuiya kubwa. Jumuiya ya wachoraji wa mapambo ya Marekani, iliyoanzishwa 1972, ilijengwa juu ya matawi ya mijini na ikaweka mitihani ya ngazi, ambapo mchoraji alipeleka kazi mbele ya waamuzi na kupewa cheti au kukataliwa. Kama unataka kufundisha baadaye, mpango wa namna hiyo una uzito. Kama unataka utulivu wa jioni, kikundi cha majirani kinatosha kabisa, na mara nyingi ndicho chenye ukarimu zaidi kwa mgeni.

Kero za chamani

Kuna vikao. Nimewahi kukaa dakika 50 nikisikiliza mjadala wa rangi ya vitambaa vya meza za maonyesho huku paleti yangu ikikauka. Akriliki haisubiri mtu. Kuna meza za wenyeji, ambapo watu waliozoeana miaka 15 huketi pamoja na mgeni hubaki mwisho wa chumba. Kuna michoro inayorudiwa.

Na kuna jambo la hakimiliki ambalo vyama vingine hulipuuza. Mchoro wa mafunzo aliouchora na kuuza msanii ni mali yake. Mwanachama mmoja akiununua, chama hakina ruhusa ya kuutoa nakala 20. Kila mtu anunue wake, au mwenye mchoro aombwe ruhusa. Vile vile kuuza kazi uliyoichora kutoka mchoro wa mtu kunategemea masharti aliyoyaweka. Wengine huruhusu idadi ndogo, wengine hukataa kabisa. Nikiona chama kinachotoa nakala bila kuuliza, naondoka. Wanaotuchorea michoro hiyo ndio wanaoufanya ufundi huu uendelee, na wengi wao hawana kipato kingine kikubwa.

Kero hizi zote hazipo nyumbani, wala darasani. Mtu asiyependa kabisa mambo ya vikundi asijilazimishe. Anaweza kupata nusu ya faida kwa njia nyingine: atafute mchoraji mmoja aliyemtangulia, wakutane mara moja kila baada ya miezi miwili, kila mmoja na brashi zake. Ninawajua wawili waliofanya hivyo na mikono yao imekomaa.

Nani aende wapi

Kama hujawahi kushika brashi: darasa fupi, kisha chama. Kama umechora mwaka au miwili nyumbani na umefika ukuta usioelewa ni wa nini: chama, na usichelewe, kwa maana kila mwezi unaopita unalifanya kosa kuwa mazoea. Kama mikono imeanza kutetemeka kwa umri au maradhi, chama tena, bila kusita. Wapo humo wazee wanaotumia ubao wa kuegemezea kiganja juu ya kazi, wanaobadilisha ukubwa wa mpini wa brashi kwa kuuzungushia kitambaa, na hakuna video itakayokaa nawe mpaka upate pembe inayokufaa. Kama unahama hama, au zamu zako za kazi hazitabiriki, baki na meza ya nyumbani na uchukue darasa la siku moja pale nafasi inapopatikana.

Kabla ya kulipa ada, omba kuhudhuria kama mgeni. Usiangalie ubora wa kazi zilizotundikwa. Hizo ni za wale watatu bora. Keti karibu na mwanachama mpya kuliko wote uone anahudumiwa vipi. Tazama kama watu wanachora au wanatazama mtu mmoja akichora. Uliza mwezi ujao anafundisha nani, maana jibu likiwa ni jina lile lile la mwezi huu na mwezi uliopita, hicho ni darasa kilichovaa jina la chama. La muhimu kuliko yote, angalia mtu anaposaidiwa: anayesaidia amechukua brashi ya mwenzake, au amevuta karatasi chakavu na kuonyesha pembeni? Mama yule wa siku yangu ya kwanza hakuigusa brashi yangu hata mara moja.

Beba brashi unayoitumia kila siku, hata kama imechakaa. Mtu anayejua ataipindua, ataangalia pale nywele zinapoingia kwenye shingo ya bati, na akiona rangi iliyogandia humo na nywele zilizotawanyika atakuambia unachovya ndani sana na kuosha kwa haraka. Beba pia kazi moja iliyokushinda, na uiweke kwenye meza ya maonyesho pamoja na za wengine.